Chumba cha Nyuma ya Meko

Katika miaka minne tuliyokaa County Clare, magharibi mwa Ayalandi, tulipenda kuzitazama nyumba za wakulima wa zamani kuliko makasri ambayo wageni hupelekwa kuyaona. Kasri limejengwa kwa fahari ya mtu mmoja. Nyumba ya mkulima imejengwa kwa vilivyopatikana, na kila kilichomo kina sababu yake.

Nyumba hizo ni ndefu na nyembamba, upana wake chumba kimoja tu. Miti ya kuezekea ilikuwa adimu, kwa hivyo aila ikiongezeka nyumba haikupanuliwa, bali ilirefushwa. Kuta ni za mawe au za udongo, nene hata mtu aweza kuketi penye dirisha, nazo hupakwa chokaa kila mwaka, jambo ambalo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Paa huezekwa kwa mabua ya ngano au matete. Kandokando ya bahari ya Atlantiki, kama kule Mayo na Donegal, upepo ni mkali mno. Ezeko hufungwa kwa kamba, na kamba hizo hukazwa kwenye vijiwe vilivyotokezwa ukutani kwa kazi hiyo.

Mlango ni vipande viwili, cha juu na cha chini. Cha chini kikifungwa, kuku hawaingii na mtoto hatoki, huku mwanga na hewa vikipita juu yake. Hapo ndipo kina mama walipoegemeza viwiko wakazungumza na wapita njia.

Meko ndiyo yanayotawala nyumba nzima. Yako jikoni, chini ya dohani pana, na jikoni ndimo pia ukumbini. Hakuna sebule ya kumtenga mgeni. Moto ni wa vipande vya udongo mweusi wa kinamasi, vinavyokatwa na kuanikwa vikauke. Vyungu huning'inia kwenye mkono wa chuma unaozunguka. Usiku mama wa nyumba huyafukia makaa kwa majivu, na asubuhi huyafukua akawasha upya, kwa kuwa ilikuwa haya moto kuzimika.

Nyuma ya ukuta wa meko kuna chumba kimoja kinachopata joto lake bila moshi wake. Clare hukiita chumba cha magharibi. Wamarekani wawili, Conrad Arensberg na Solon Kimball, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930 na kutoa kitabu chao mwaka 1940, waliandika kwamba mwana alipooa na kukabidhiwa shamba, wazee wake walihamia chumba hicho. Wala mambo hayakuachwa kwa hisani ya mkaza mwana. Iliandikwa hati mbele ya wakili: wazee wana haki ya chumba, ya kuota moto, ya viazi, ya maziwa. Tulipoyasoma hayo tulistaajabu kidogo kwamba mapenzi yahitaji wakili. Baadaye tuliona kuwa hati ile iliwaondolea wazee udhia wa kuomba.

Nje ya nyumba kuna mji mdogo. Katika ardhi duni za magharibi zizi la ng'ombe aghalabu limeungana na nyumba, chini ya paa moja. Kusini mashariki, penye rutuba, mabanda huzunguka ua wa mraba na kuukinga upepo. Kuna banda la farasi, ghala la nafaka, kibanda cha kuku, na uwanja wa kurundika nyasi kavu. Hapakosi banda la nguruwe, nalo tutalipita upesi. Ila yafaa kujua kwamba kwa maskini wengi mnyama huyo hakuwa kitoweo, alikuwa kodi ya mwenye ardhi. Tulilolipenda zaidi ni chumba cha maziwa, chenye ubaridi, ambamo mke alisukasuka siagi. Fedha za siagi na mayai zilikuwa zake, na kwazo alinunua chai, sukari na nguo za watoto.

Hatuusifu umaskini. Sensa ya 1841 iligawa nyumba za Ayalandi katika madaraja manne, na la nne, vibanda vya udongo vya chumba kimoja, lilikuwa karibu mbili kwa tano za nyumba zote. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwafagia wengi waliokaa humo.

Jirani yetu, bibi aliyepita miaka 80, aliishi katika nyumba mpya yenye joto kila chumba. Ile ya zamani, hatua chache kutoka hapo, ilikuwa ya ndama. Alituonyesha mahali mama mkwe wake alipokuwa akiketi, pana kitako cha mtu mmoja, karibu na moto. Wanawe wako Dublin na Australia. Alitueleza hayo bila kulalamika, akamfukuza ndama mmoja atoke mlangoni.

Mwaka huu tunajenga huku kwetu. Fundi alichora chumba cha mama uani, karibu na stoo, apate utulivu. Tumemwomba akihamishe kiungane na ukuta wa jiko, na ubishi haujesha: wengine wetu wahofia kelele, wengine harufu ya vitunguu. Mama mwenyewe ameuliza jambo moja tu, kama dirisha litatazama mlango mkubwa, ajue nani aingia na nani atoka.