Maneno Yafananayo

Wasomaji kadha wa kadha hutuuliza, Je, mtu afanyeje apate maneno mengi ya Kiingereza? Desturi tuionayo shuleni ni hii: mwanafunzi huligawa daftari safu nne, akaandika neno, maana yake, neno lifananalo nalo, na kinyume chake, kisha hukariri. Kazi hiyo si mbaya, walakini ina mtego.

Kijana mmoja tuliyemfundisha alitaka kazi ya ukarani. Katika daftari lake, mbele ya neno famous, yaani mwenye sifa, alikuwa ameandika notorious. Akaliona zuri, maana ni refu, akaandika katika barua yake kwamba yeye ni notorious kwa kazi zake. Kumbe notorious ni mtu ajulikanaye kwa ubaya, kama mwizi atajwaye kila soko! Kazi akapewa mwingine.

Lugha yetu nayo yatuonya, kama twaisikiliza. Mtu hunenepa, mbuzi hunona. Mwambie mama kwamba mwanawe amenona, uone kama utakaribishwa chai. Na kinyume cha mbichi ni nini? Ndizi mbichi, kinyume chake mbivu; kuni mbichi, kavu; nyama mbichi, iliyopikwa. Ndivyo lilivyo old la Kiingereza: kwa mtu kinyume chake ni young, kwa nguo ni new.

Wingi wa maneno hayo una asili yake. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na lugha yao ikawa lugha ya mabwana. Baadaye wataalamu wakaongeza maneno mengi ya Kilatini. Kwa hiyo kuuliza ni ask, neno la wenyeji wa kale; tena ni question, lililopitia Kifaransa; tena ni interrogate, la Kilatini. Mama amwulizapo mtoto kama ameshiba, hiyo ni ask. Interrogate ni ya askari na mshtakiwa.

Daktari Peter Mark Roget alipotoa kitabu chake kiitwacho Thesaurus mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa mafungu ya maana, na vinyume akaviweka ubavu kwa ubavu. Lakini maana ya kila neno hakuieleza. Chamfaa mtu aliyelisahau neno alijualo. Asiyelijua yampasa kwenda kwanza kwenye kamusi.

Siku hizi twawaagiza wanafunzi waongeze safu ya tano: sentensi nzima waliyoikuta kitabuni, yenye neno hilo. Daftari hujaa polepole, maneno matano kwa juma, pengine manne, na wengine hunung'unika.