Neno Thieta

Katika maneno tuliyoyapokea kutoka Kiingereza liko moja lenye maana mbili zilizo mbalimbali sana, nalo ni thieta. Mwanafunzi asema amekwenda thieta, yaani amekwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Muuguzi asema mgonjwa yuko thieta, yaani yu chini ya kisu cha daktari. Wa kwanza twamngoja arudi atusimulie. Wa pili twamngoja arudi mzima. Je, maana hizo zilikutana wapi?

Asili yake ni neno la Kiyunani, theatron, yaani mahali pa kutazamia. Wayunani wa kale walipanga viti vya mawe ubavuni mwa kilima, safu juu ya safu, kama kule Epidauros, hata aliyekaa nyuma kabisa akaweza kuona. Basi neno lenyewe halikutaja mchezo. Lilitaja macho ya watazamaji. Mwishoni mwa karne ya 16, katika chuo kikuu cha Padua, Italia, ulijengwa ukumbi wa safu za mviringo, wanafunzi wa utabibu wapate kutazama maiti ikipasuliwa. Nao pia ukaitwa kwa jina hilo. Huko London, hospitali ya St Thomas ilikuwa na chumba cha upasuaji cha mwaka 1822, chenye ngazi walizosimama wanafunzi kumtazama mgonjwa aliye hai, tena macho, kwa kuwa dawa ya usingizi ilikuwa bado. Leo ngazi zimeondolewa na milango hufungwa, lakini jina limebaki.

Lingekuwa jambo la kufurahisha tu, kama lisingewapata wagonjwa. Mama mmoja jirani yangu aliambiwa hospitalini kwamba mwanawe atapelekwa thieta kesho yake, akapewa karatasi atie dole gumba. Akanijia jioni, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto mgonjwa aenda kutazama mchezo gani?" Nikamweleza kwamba atapewa dawa alale, kisha atapasuliwa tumbo. Alilia kitambo, halafu akaanza kuuliza maswali yampasayo mzazi: ataamka lini, nani atakuwa karibu naye, atakula nini. Asubuhi alikwenda akawauliza waganga, wakamjibu vema, naye akatia dole lake akijua anachokikubali.

Lugha yetu si maskini. Mchezo wa kuigiza twauita tamthilia, neno litokalo shina moja na mithali katika Kiarabu, maana mchezo nao ni mfano wa maisha. Mahali pake ni ukumbi wa maonyesho. Na pale afanyapo kazi daktari ni chumba cha upasuaji. Sisemi thieta lifukuzwe. Waganga na walitumie wao kwa wao. Lakini anayetakiwa kutoa idhini apewe neno analolifahamu. Neno lililozaliwa kwa ajili ya kuona lisimfumbe mtu macho.