Alimjua Mkewe Baada ya Mazishi



Filamu ya The Constant Gardener ilitoka mwaka 2005, na sehemu kubwa ilipigwa Kenya, Kibera na kando ya Ziwa Turkana. Wengi huitafuta kwa ajili ya siasa yake: dawa ya kifua kikuu inajaribiwa kwa maskini, wagonjwa wanakufa, na wakubwa wa ubalozi wa Uingereza wanafunika. Hadithi ni ya kubuni, lakini Kano, Nigeria, mwaka 1996, Pfizer ilifanya majaribio ya dawa yake ya Trovan kwa watoto 200 wakati wa homa ya uti wa mgongo, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganisha. Walikufa 11. Kampuni ilikana kosa, ila mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75.

Mimi kilichonikaa rohoni ni ndoa iliyomo ndani yake.

Tessa anauawa mwanzoni tu. Mumewe Justin, mwanadiplomasia mpole mpenda bustani, ameshasikia maneno kwamba mkewe na daktari Arnold hawaachani. Hakumuuliza. Alinyamaza kwa adabu zake za Kizungu, na dhana ikaota pamoja na maua. Anapopekua vitu vya marehemu anategemea kukuta mapenzi. Anakuta habari za wagonjwa waliokufa. Arnold hakuwa na haja naye kabisa, walikuwa wakichunguza dawa. Tessa alimficha mumewe ili asidhurike (hapo naye simsifu). Basi katikati ya kufukuzana na kutishwa, bwana yule ndiyo kwanza anampenda mkewe, naye keshazikwa.

Sisi wa Buyenzi tulioolewa na watu wa bandarini hatuhitaji kufafanuliwa. Boti inakwenda Kigoma au Mpulungu, mume anakaa wiki mbili tatu akingoja mzigo. Akishuka hapa Bujumbura, hata geti la bandari hajalivuka, keshaambiwa nani alionekana kwake. Dada mmoja wa mtaani kwetu alimpeleka mwanawe hospitali usiku kwa gari la jirani. Mume aliporudi alipewa habari ya gari, hakupewa habari ya mtoto. Talaka ilitoka kabla hajaiona chupa ya dawa juu ya meza. Mtoto sasa yuko darasa la tano, baba yake humwona Ijumaa.

Surat Al-Hujurat tunaisoma sana, na watoto wanaihifadhi madrasa. Kisa cha Bibi Aisha (R.A.) katika Surat An-Nur nacho tunakijua: kuachwa nyuma na msafara kwa ajili ya mkufu tu, na mji mzima ukasema. Lakini maneno yakianzia gatini, nani anakumbuka?

Kwa wenye watoto: ina sehemu za kitandani na maiti, si ya kutazama nao. Sisi tuliitazama wawili, rimoti mkononi mwangu. Ilipokwisha baba watoto alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza yule mwanamume aliyetoka kwetu siku aliyorudi kutoka Kalemie alikuwa nani.

"Fundi bomba," nikamwambia. "Na risiti yake ninayo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alikuwa nalo moyoni tangu Ramadhani.