Mstari wa Mizinga

Jumatatu, 4 Machi
Copenhagen. Nimeshinda Maktaba ya Kifalme na nakala ya ramani ya Christian Gedde ya 1761. Wapimaji wenzake walichora mji kama sakafu. Yeye kazisimamisha nyumba, paa na madirisha, utadhani unachungulia kutoka juu ya mnara. Ukipitisha kioo cha kukuzia unaweza kufuata mtaa mmoja hadi mwisho. Na mwisho upo kweli: boma lenye ncha za nyota, handaki la maji, basi. Malango manne ya nchi kavu yalifungwa usiku, na funguo zikapelekwa kwa mfalme.

Jumatano, 6 Machi
Nimetembea mitaa ya kati. Nyumba nyingi zimekatwa pembe kimshazari, kiasi kwamba njiapanda zinakuwa na pande nane. Sababu yake ni moto wa Juni 1795. Ule wa 1728 ulikuwa umeshakula karibu theluthi ya mji bila watu kubadilika sana. Baada ya huu wa pili, wasanifu Rawert na Meyn walipanga mitaa upya na kuagiza pembe zikatwe, ili mikokoteni ya zimamoto na ngazi zake ndefu iweze kugeuka. Sheria za namna hii nazipenda. Fundi viatu mmoja mzee, kwenye pembe moja, ameweka meza mbili za kahawa palepale palipokatwa.

Jumamosi, 9 Machi
Leo nimeelewa kwa nini ramani za baada ya Gedde zinafanana mno. Mji haukuruhusiwa kukua. Nje ya boma jeshi lilikuwa na mstari wake, uliofika hadi barabara ya Jagtvej, na ndani ya eneo hilo ilikatazwa kujenga nyumba ya kudumu, mizinga isije ikazibwa. Watu, hata hivyo, waliendelea kuzaliwa na kuhamia. Mwaka 1801 walikuwa wapata 100,000. Kufikia 1850 wapata 130,000, na boma ni lilelile. Wakajenga kwenda juu, wakajenga nyuani, nyumba ya nyuma nyuma ya nyumba ya nyuma. Kisima kikakaa jirani na choo.

Cha kuudhi ni kwamba mizinga yenyewe haikufaa kitu. Septemba 1807 Waingereza waliupiga mji mabomu siku kadhaa, mnara wa kanisa la Vor Frue ukaungua ukaanguka, na boma limesimama likitazama. Pamoja na hayo mstari ukabaki kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka 1852 ndipo ulipovutwa ndani hadi kwenye maziwa yaliyo karibu na boma. Kiangazi cha 1853 kipindupindu kikaingia na kuua watu wapata 4,700. Vitabu vinaandika kipindupindu. Mimi ningeandika boma pia.

Jumapili, 10 Machi
Mchana nimelifuata handaki la zamani. Malango yalianza kubomolewa 1856. Nørreport na Østerport siku hizi ni stesheni za treni. Ziwa la Tivoli ni kipande cha handaki. Bwawa la Ørstedsparken vilevile, na la Bustani ya Mimea, na la Østre Anlæg. Ukiyaunganisha kwa penseli unapata mchoro wa Gedde. Nimepita pia Brumleby, nyumba za chini za rangi ya njano ambazo chama cha madaktari kilianza kuwajengea maskini baada ya kipindupindu kile, nje kabisa ya boma. Jua lipo, hewa ipo, na bado watu wanaishi humo. Lakini katika mitaa mingine ya nje ya boma, Nørrebro na Vesterbro, wenye viwanja walijaza majengo ya ghorofa tano yaliyobanana kama ya ndani ya boma, safari hii bila jeshi kuwalazimisha.

Jumamosi, 16 Machi
Ramani ya mwisho: Mpango wa Vidole wa 1947, kazi ya Steen Eiler Rasmussen na Peter Bredsdorff. Mkono umelazwa juu ya mji. Kiganja ni mji wa kati, vidole vinafuata njia za treni, na katikati ya kidole na kidole ni mashamba na misitu isiyojengwa. Kwa hiyo hapa pia kuna mstari wa kukataza ujenzi. Tofauti ni kwamba wa kwanza ulilinda njia ya risasi, na huu unamlinda mtu anayetaka kufika msituni kwa baiskeli. Mwaka 2007 vidole hivyo vilipewa nguvu ya sheria, na halmashauri haiwezi kujijengea kati yake itakavyo.