Binti Yetu na Elimu ya Mambo ya Mataifa

Wengi wametuuliza sokoni kwa nini tumempeleka binti yetu Chuo Kikuu cha Dodoma kusoma mambo ya mataifa, wala si ualimu wala uuguzi. Twajibu hapa, ili tusijibu kila siku njiani.

Habari ilipokuja tulikuwa tukiota moto, maana ulikuwa mwezi wa Julai. Mjomba wake alikuwa amefika kutoka Makambako. Aliposikia akaweka kikombe chini, akasema, "Shemeji, elimu hiyo ni ya watoto wa mabalozi. Mwuguzi hupata kazi hata Ludewa. Huyu atapata wapi?" Hatukuwa na jibu. Tena fedha yenyewe ilikuwa ya shamba la miti tulilolitunza miaka 12 kwa ajili ya uzee wetu, na miti ikikatwa imekatwa. Usiku ule hatukulala vema. Asubuhi mama yake akasema, "Na tuiuze," nasi tukaiuza.

Siku ya kumsindikiza tulifika Makambako mapema, na gari la Dodoma likakawia. Tukasimama karibu na reli ya TAZARA. Mjomba, ambaye alikuwa hajaridhika, akaanza tena maneno yake. Binti akamwuliza kwa adabu, "Mjomba, reli hii imefikaje hapa?"

"Wachina waliijenga, na babu yako alipasua mawe yake."

"Kwa nini Wachina?"

Mjomba akanyamaza. Ndipo akatueleza mambo ambayo sisi tunaokaa kando ya reli hiyo hatukuyajua sawasawa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake, Wazungu wachache wa Rodesia, walijitangazia uhuru pasipo ridhaa ya wenyeji walio wengi. Shaba ya Zambia ilikuwa ikipita kwao kwenda baharini. Sasa njia ikawa mikononi mwa adui. Mwezi wa Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya jambo hilo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Mataifa ya Magharibi yalikwisha kusema kwamba reli haitaleta faida. China ikakubali. Mapatano yakatiwa sahihi Beijing mwaka 1967, mkopo ukawa hauna riba, kazi ikaanza 1970, na mwaka 1975 reli ya kilometa 1,860 ikafika Kapiri Mposhi.

"Kumbe," akasema mjomba, "mshahara wa baba yangu uliandikwa Beijing!" Akacheka, lakini hakusema kwamba tulifanya vema kuuza miti.

Akiwa likizoni hutuonyesha madaftari yake: historia, sheria za mataifa, biashara ya nchi na nchi. Alitusimulia pia habari za Dkt. Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, aliyefanywa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, kisha akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hata 2001. Mama yake akauliza ni nani aliyempikia kijana huyo huko Misri. Swali hilo bado halijajibiwa.

Mwezi wa Machi 2025 Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, na mwezi wa Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika ya Kusini. Mjomba alikuwa na magunia ya mchele tayari kwa safari ya Kasumulu. Usiku ule ule akampigia simu binti, wala si sisi, akamwuliza afanye nini. Akaambiwa, "Mjomba, nchi hizi zina mapatano, nazo zitazungumza. Lakini sijui mchele wako utangoja muda gani." Baada ya siku chache Tanzania ikaondoa katazo lake. Mjomba alikuwa amekwisha kuuza magunia yake pale pale Makambako, kwa bei ndogo, naye tangu hapo humpigia kila Jumapili jioni.