Kwa Miguu Hadi Kwihara

Sisi wa pwani tumezoea kuhesabu mwaka kwa masika na vuli. Tabora wana msimu mmoja mrefu wa mvua, na kabla yake kiangazi cha kuunguza mawe. Oktoba ndiyo kilele cha joto. Visima vimeshuka, mchanga unachoma nyayo, na ng'ombe wanasimama kivulini wakiwa wamekata tamaa. Na hapo hapo miyombo inachipua! Haingoji tone la mvua. Inatumia maji iliyoyahifadhi mwilini mwake, na pori lililokuwa la kijivu mwezi uliopita linageuka jekundu. Ndiyo maana kundi letu la watembeaji, watu wa Dar es Salaam na Mwanza, lilichagua wakati huo kwenda kutembea kwenye vilima vya Kwihara, kilomita kama sita kutoka mjini.

Tulikutana alfajiri karibu na stesheni, ambako mama mmoja alikuwa tayari anageuza vitumbua na birika lake la chai ya tangawizi linatoa mvuke. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912. Kabla ya hapo, karibu kila shanga, kila gora la amerikani na kila bunduki iliyoonekana hapa Unyanyembe ililetwa na binadamu, kichwani au begani. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi hapa, mji ulipokuwa ukijulikana kwa jina la Kaze.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mstaafu wa reli, mwembamba, mwenye kofia ya kiua na fimbo ya mninga. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mmoja mmoja bila kuruka mtu, kisha akaanza kuuliza makabila. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi Mzaramo.

"Basi safari imekwisha," akawaambia wenzangu. "Huyu atakaa chini njiani apige mdundiko, tumsubiri."

Kuanzia hapo sikupumua. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo una asili yake kwenye njia hii hii. Misafara ya Wanyamwezi ilipoteremka pwani na pembe za ndovu ilikatisha Uzaramo, na watu waliogombana, wakapeana maji na kuzikana njiani waliishia kupeana ruhusa ya kutukanana bila kununa. Niliingia Tabora mgeni, na kabla jua halijapanda nilikuwa na mtani kila kona.

Barabara ya kwenda Kwihara ina miembe. Si miembe ya uani, ni mikubwa yenye mashina ambayo watu wawili hawayafikii wakishikana mikono. Wenyeji husema mingine iliota kwenye kokwa zilizotupwa na misafara, na kati ya waliozitupa walikuwamo watu waliofungwa minyororo wakipelekwa pwani kuuzwa. Babu alilisema hilo bila kupandisha sauti, akaendelea kutembea. Kivuli ni kizuri mno, nasi tulikikimbilia, lakini si kivuli cha kukaa ukasahau. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita kilomita zipatazo 1,200, ikibeba pembe na watu kwa pamoja, na Tabora ndiyo ilikuwa kituo chake kikuu cha bara, mahali ambapo njia ya Ujiji iliachana na njia ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Maembe yalikuwa bado mabichi. Bibi mmoja alikuwa ameyakatakata na kuyapanga kwenye sinia, na pembeni chumvi iliyochanganywa na pilipili. Unachovya, unatafuna, macho yanajifunga yenyewe. Nilimpa noti, nikasubiri chenji.

"Babu, huyu Mzaramo?" akauliza.

"Mzaramo."

Akaifunga noti kwenye ncha ya kanga. Badala ya chenji nikatiwa mkononi fungu la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikakakamaa. Meno yanakataa mwanzoni, halafu utamu unakuja polepole, nawe unajikuta unatafuna kilomita nzima. Chakula cha msafiri hasa: hakiozi, hakimwagiki, hakitaki moto. Watoto walitufuata wakiimba salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka!", nasi tukawajibu vivyo hivyo kwa lafudhi iliyowavunja mbavu.

Tembe la Kwihara ni nyumba ndefu ya udongo, ina kuta nene, paa la bapa na mlango wa nakshi ambao ungeupita Zanzibar bila kugeuka, lakini hapa, katikati ya mashamba, unakusimamisha. Ukiingia, joto linabaki nje. Leo ni makumbusho ya Livingstone, yenye ramani na nakala za barua. Yeye na Stanley walifika hapa Februari 1872, na Stanley akaondoka mwezi uliofuata. Livingstone alibaki hadi Agosti. Alikuwa anangoja nini? Wapagazi! Dira alikuwa nayo, na nia alikuwa nayo tele, lakini hakuweza kwenda popote mpaka Stanley amtumie watu kutoka pwani. Mwaka uliofuata akafa Ilala, katika Zambia ya leo, na wenzake, Susi na Chuma wakiwamo, wakaubeba mwili wake hadi pwani, wakipitia hapa hapa Kwihara. Mimi ningepewa rangi na brashi, juu ya mlango ule ningeandika mpagazi kwanza. Mzigo wake ulikuwa kama kilo 30, na Mnyamwezi aliyeubeba alikuwa mtu wa mkataba na ujira, anayejua bei yake na anayegoma akipunjwa.

Nyuma ya tembe tukaanza kupanda. Vilima vya huku si virefu, ila vimejaa mawe makubwa ya matale yaliyopandana ovyo, na kati yake ndipo miyombo imeshika mizizi. Nilivuta tawi moja la mti ambao babu aliuita mtundu. Majani yake machanga yalikuwa laini, yanalegea kidoleni, mekundu kama shaba iliyosuguliwa kwa limau. Yaliyoyatangulia kwa siku chache yalikuwa yamepoa na kuwa rangi ya waridi, na ya chini kabisa tayari kijani. Mti mmoja, umri wa aina tatu. Jua likipita juu yake mteremko mzima unawaka, kisha wingu linapita na unazimika.

Nyuki wadogo, wale wasiouma, walitupata tukiwa katikati. Wanataka jasho, na hasa maji ya macho. Wanaingia puani, masikioni, kwenye sentensi unayoisema. Nesi wetu kutoka Mwanza alijifunga kanga uso mzima akapanda kwa kukisia. Babu hata kope hakupepesa. Alisema asali ya hawa hawa ni dawa ya kifua na bei yake si ya mchezo, kwa hiyo tuwaheshimu. Alituonyesha mzinga wa gogo ukining'inia juu ya mti, na shina jirani lililovuliwa gome ili kupata kamba. Mijusi walitikisa vichwa vyao kama wanaotukubalia, na pimbi mmoja akatuchungulia akarudi zake ndani.

Juu kuna upepo. Tabora inaonekana yote, mabati na miembe, na huku bonde la Kwihara lina vitalu vya miche ya tumbaku vinavyomwagiliwa kwa ndoo. Agosti 1871 Stanley alikuwa chini hapa, akitazama moshi wa Tabora iliyochomwa na Mirambo, mtemi wa Urambo aliyechoka kuona wafanyabiashara wakipita nchi yake bila kumjali. Babu alisimulia vita vile kama vilivyotokea juzi, na ilikuwa wazi hakuwa upande wa Stanley. Mwishowe akatuambia tunyamaze tunywe maji.

Chakula kilikuwa chini, kwa dada yake babu. Tulinawa, tukaketi mkekani chini ya mwembe. Ugali wa mahindi, kuku wa kienyeji aliyehitaji subira, mlenda unaoteleza kabla hujaumeza, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, ladha yake ya moshi kidogo na uchachu kwa mbali. Niliongeza mara mbili. Mwenyeji wetu alizunguka akikagua sahani, na aliyeacha tonge aliulizwa kama anaumwa. Tulipotaka kutoa chochote alikasirika kweli, si kwa utani. Tulikubaliwa tu kununua chupa za asali, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi wa pori, na hata hapo akajaza chupa ya ziada "ya mkwe", ingawa hakuna kati yetu aliyeoa Unyamwezi.

Kurudi mjini ilikuwa vumbi tupu na malengelenge. Kibegi changu cha maji na matobolwa, kilo tatu kama si mbili, kilikuwa kimenichuna bega, na babu alilitaja bega hilo kwa kila tuliyekutana naye, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Tuliingia Tabora wakati wa magharibi, mji huo wenye jina la utani Mboka Manyema ukitoka nje kukaa barazani: wazee wenye bao, wauza karanga, redio inayopiga muziki wa zamani. Muuza kahawa aligonga vikombe akatukaribisha kwenye benchi.

"Nani analipa?" akauliza.

Babu akaninyooshea fimbo. "Yule wa pwani. Amebeba mzigo mchana kutwa, lazima ana fedha za ujira."

Nikalipa vikombe vya benchi zima, hata cha mzee aliyekuwa amesinzia na ambaye aliamka tu kuomba kashata.