Mzinga Uliofika Mahakamani

Kwetu Singida mtoto hujua mzinga kabla hajajua kusoma. Ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini, nyuki wakalifanya nyumba yao. Asali ya Manyoni na Itigi hutoka humo. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari niliwaongezea wanafunzi kwamba mzinga ni silaha ya vita pia, na kwamba muktadha ndio uamuao. Nikadhani neno lile nimelimaliza.

Mwaka 2016, jioni moja, mama mmoja alibisha hodi kwangu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na kabla sijaitikia akaanza kulia. Mwanawe, niliyemfundisha hadi kidato cha nne, alikuwa mahabusu kwa wiki ya tatu. Mtu mmoja alikutwa nje ya kilabu cha pombe amepasuka kichwa, na kijana yule alikuwa ameonekana naye usiku huohuo. Katika maelezo yake kulikuwa na sentensi iliyombana kuliko ushahidi mwingine wote: "Nilimpiga mzinga, akachomoa, nikasepa."

Wakati ule kesi za mahakama ya wilaya zilisikilizwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Aliyeifasiri sentensi ile hakuwa mjinga. Alijua kwamba kwa wanywaji mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali, na kichwa cha majeruhi kilikuwa kimepasuka. Basi katika Kiingereza chake kijana alimpiga mwenziwe kwa chupa, mwenziwe akachomoa kitu, kijana akakimbia. Ukawa ugomvi kamili, wenye silaha mbili na mtoro mmoja.

Lakini kwa vijana, kumpiga mtu mzinga ni kumwomba fedha. Kuchomoa ni kukataa. Kusepa ni kwenda zako, hata kwa mwendo wa bibi harusi. Maneno ni yaleyale, na maana yake ikawa: nilimwomba hela, akaninyima, nikaondoka.

Nakiri kwamba niliona haya. Maneno ya namna hiyo nilikuwa nikiyapigia mstari mwekundu katika insha, na pembeni nikiandika "lugha ya kihuni", wala sikumwuliza mtoto hata mmoja maana yake. Kusepa nilifundishwa na mjukuu wangu. Mzinga wa fedha nilielezwa na kondakta wa basi, ambaye alinicheka kwanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, niliyoishika darasani kama msahafu, haikuwa na msaada hapo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Wezi wa Ujerumani walikuwa na lugha yao ya siri, Rotwelsch, iliyochota maneno mengi kutoka Kiyidi na Kiebrania. Mwizi wa huko akisema "Schmiere stehen", asiyejua atadhani amesimama kwenye grisi, kwa kuwa Schmiere katika Kijerumani cha kawaida ni grisi. Kumbe neno hilo lina asili ya Kiebrania, nalo ni kulinda: amesimama kuangalia kama polisi wanakuja. Anayetafsiri riwaya ya wahalifu kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani hukutana na mitego kama hiyo kila ukurasa. Tofauti ni kwamba yeye akikosea, msomaji hununa. Hapa kwetu mtu alikuwa analala sakafuni. (Wajerumani nao walituachia shule na hela, maneno mawili ambayo mwalimu huyajua vizuri, la pili kwa kulikosa.)

Wakili wa kijana aliniita nitoe maelezo. Hakimu alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu nyumbani: "Mwalimu, unaweza kuapa kwamba hakumaanisha chupa?"

Sikuweza. Sarufi ilinitupa mkono. Kama Kiswahili kingedai tuseme "nilimpiga kwa mzinga", ningekuwa na hoja. Lakini sisi humpiga mtu ngumi, teke, fimbo na hata chupa bila kuweka "kwa". Nilichoweza kushika ni neno la pili. Kuchomoa kwa maana ya kawaida hudai kitu: huchomoa kisu, huchomoa mwiba. Kijana hakutaja kitu chochote, na kitenzi kilichokosa kitu chake kilielekea maana ya mtaani. Hakimu akaandika. Akaniomba neno moja la Kiingereza kwa kusepa, lisiloonyesha kukimbia wala kujificha. Nilipotafuta kwa muda mrefu bila kulipata, akaliandika vilevile kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza chake.

Kesi iliondolewa miezi miwili baadaye kwa sababu mlalamikaji hakufika tena. Maneno yale hayakuamuliwa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Nilifurahi, ila siku hiyohiyo nilijiuliza hakimu ataandika nini akisomewa sentensi ile. Ataandika Kiswahili, sawa. Lakini Kiswahili cha nani?

Kijana huyo hupita kwangu mara mojamoja. Huniamkia, hunichotea maji, na asipokuwa na nauli hunipiga mzinga bila haya. Usiku ule wa kilabuni sijamwuliza.